Nyuma ya Bili ya Gesi

Muuguzi Yasna alinifunga mkono kwa kile kitambaa,
akakijaza upepo mpaka vidole vikafa ganzi,
akaisoma presha kama anasoma barua ya deni.
Dawa mpya hakunipa.
"Kila usiku, mama Edelmira, andika mambo matatu
ya kushukuru. Matatu tu."

Nikacheka.
Miaka thelathini na mmoja nimebambua kaa kiwandani,
nimewavunjia watu magamba wale nyama laini mezani kwao,
na sijapata kusikia sahani ikisema asante.

Daftari sikununua.
Nilichukua bili ya gesi,
nikaigeuza upande usio na deni,
nikaandika:
moja, hakuna.
Mbili, hakuna.
Tatu, kalamu hii inaandika.

Ilikuwa Juni, na huku Punta Arenas
jua la Juni huamka saa nne asubuhi
kama kijana aliyefukuzwa kazi,
hujikuna, huchungulia,
na jioni haijafika limeshajifunika tena.
Kiti cha Otilia kilikuwa palepale, upande wa jiko.
Sikukiondoa. Sikukikalia.
Nilikizunguka, kama maji yanavyozunguka jiwe.

Usiku wa nne: mkate ulifika nyumbani ukingali moto.
Usiku wa tano: mkate tena. (Nilikuwa mvivu.)
Usiku wa tisa: soksi zimekauka.
Usiku wa kumi nilimtukana Yasna kwa herufi kubwa,
nikahesabu hilo kuwa la kwanza,
maana lilinipunguzia kitu kifuani.

Sikuona muujiza. Ila mchana nilianza kuvizia.
Nikipita dukani, macho yananong'ona: hilo je?
Mtoto anamfuta kamasi mdogo wake kwa skafu yake mwenyewe.
Weka, la usiku hilo.
Mbwa wa Ulises amelala katikati ya barabara
na basi la abiria linamsubiri amalize ndoto.
Weka.
Nikawa kama mwokota kuni:
njia ileile, lakini sasa naiona mikavu.

Oktoba, upepo ukavuka Mlango wa Bahari bila hodi.
Manispaa ikafunga kamba kandokando ya barabara
tushike, sisi wepesi, tusipeperuke.
Ukaling'oa bati la jikoni kwangu,
ukalirusha uani kwa Ulises, hatua moja kutoka kwa yule mbwa.
Akalirudisha kichwani, amelishika kwa mikono miwili,
anatembea upande upande kama kaa.
Miaka kumi na minane hatujasalimiana,
kisa ni ua, ni kigingi kimoja cha ua.
"Nina misumari," akasema.
"Nina chai," nikasema.
Usiku ule mistari mitatu haikutosha,
nikaandika hadi pembezoni, juu ya nembo ya kampuni.

Lakini nisikudanganye.
Tarehe ishirini na mbili, siku aliyokufa dada yangu,
nilikaa na kalamu mpaka chai ikafanya ngozi.
Nishukuru nini? Kitanda kilichotandikwa?
Ukimya, niliokuwa nikiuomba kila usiku
nilipokuwa naugonga ukuta kwa kiatu?
Ndipo mkono ukaandika wenyewe:
moja, Otilia alikuwa anakoroma.
Mbili, alikoroma kwa sauti kubwa.
Tatu, nilimsikia miaka arobaini.
Nikalia mpaka bili ikalowa,
na asubuhi nikagundua kwamba nililala.

Presha imeshuka kidogo, si sana.
Yasna anasema tuendelee, na vidonge nisiache;
shukrani haichuji chumvi kwenye damu.
Nimemwambia najua. Mimi na chumvi tunafahamiana.

Leo bili imefika, imepanda tena.
Nimeigeuza.
Moja: Ulises kaja kuazima sukari, na nyumbani anayo.
Mbili: alipotafuta pa kukaa
nimemwonyesha kiti cha upande wa jiko,
na sauti yangu haikukatika.
Tatu
subiri, birika linaita.